UZI: Nimemaliza mitihani ya mwisho ya sheria hapa Mombasa, mnaokuja nyuma someni hii

bintiKisauni

Assalaam alaykum na habari za jioni kwa wote. Mwaka wa nne umekwisha, pepa ya mwisho nshaiweka chini, na kwa vile inboksi imejaa watu wa mwaka wa pili na wa tatu wauliza dada ulisomaje dada ulianzia wapi, naona niandike mara moja hapa kila mtu asome. Matokeo hayajatoka kwa hivyo siwezi kuwaambia nimepata klasi gani. Naandika kama mtu aliyekaa kwenye kile kiti na kalamu ikawa yaenda mpaka msimamizi akasema basi, na wenye kusoma sheria mwajua hilo si jambo dogo.

Langu ni moja na ntalirudia mpaka mchoke: jueni kesi kama hadithi ya watu. Nani alimshtaki nani, waligombania nini, jaji akasemaje na kwa nini. Aliyebeba majina ya kesi tu kichwani hubaki yuatazama swali.

Kwanza kwa wasiojua pepa zetu zakaaje. Maksi 30 ni za CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya semista, na asainmenti, 70 ni za mtihani wenyewe. Swali la kwanza ni la lazima na lina maksi 30, halafu wachagua mawili ya 20. Lile la kwanza ndo hadithi ndefu, ukurasa mzima, watu watano sita wamefanyiana mambo, huyu kauziwa gari bovu, yule kagongwa na hilo hilo gari, mwengine alikuwa mdhamini, na mwisho waambiwa mshauri fulani. Hapo ndo watu huzama. Mtu aona "kauziwa gari" akumbuka noti za mikataba, basi amwaga noti zote, ofa, kukubali, malipo, kurasa nne, na yule maskini aliyetaka ushauri hajashauriwa lolote.

Muda ni masaa mawili. Ukitoa dakika kumi hivi za kusoma na kuchagua, swali la lazima lisikule zaidi ya dakika 45 na ushee, hayo mengine nusu saa nusu saa. Ile IRAC tuliyofundishwa mwaka wa kwanza, kwamba tafuta suala, taja sheria, ipeleke sheria kwenye yaliyotokea, halafu amua, wengi twafanya mbili za kwanza vizuri, na ile ya tatu twaipita mbio. Na maksi ziko kwenye ya tatu! Wahadhiri wamesema miaka yote minne na bado twaipita mbio.

Ntaendelea, naenda kuswali.

mtuwaLikoni

Hongera dada, Mungu akupe matokeo mema. Mi niko mwaka wa pili na kesi zanimaliza, kila yuniti orodha yake ndefu, nikishika za mikataba zile za jinai zatoroka. Wewe walizishika vipi zote?

bintiKisauni

Sikuzishika zote kaka na wala huhitaji zote. Kila mada chukua mbili tatu uzijue mpaka ndani.

Chukua ile ya meli, Lillian S dhidi ya Caltex, ya 1989. Hakuna mwanafunzi wa sheria Kenya asiyeijua, au tuseme asiyejua ule mstari wa Jaji Nyarangi kwamba mamlaka ya mahakama ndo kila kitu, na mahakama ikiona haina mamlaka basi yaweka chini vifaa vyake, haisongi hatua moja mbele. Watu huuandika mstari huo kwenye kila pepa. Sasa waulize kesi ilihusu nini, kimya. Ni meli jamani! Meli, kampuni ya mafuta yadai pesa zake, na swali ni kama mahakama ina nguvu ya kuishika ile meli kwa deni lile. Mi hukumu yake niliisoma nimekaa pale Mama Ngina na meli zaingia mlangoni zaelekea Kilindini, na nilipoelewa kwamba ule mstari maarufu umezaliwa kwenye ugomvi wa bandari yetu wenyewe, haujanitoka tena. Kwenye mtihani swali likija la mamlaka siandiki mstari nikapita, naeleza kwa nini mahakama ilijiuliza vile, halafu naangalia mtu wangu wa kwenye swali kama hali yake yafanana na ile au la.

Hukumu nzima ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure, hulipi kitu zaidi ya bando. Soma pale mwanzo jaji anaposimulia yaliyotokea, watu wengi waruka pale waenda kutafuta uamuzi, na pale mwanzo ndo penye kila kitu.

Na nendeni mahakamani. Kifungu cha 50 cha Katiba chataka kesi isikizwe hadharani, manake ile milango ni yenu. Vaa kiheshima, zima simu, kaa benchi la nyuma usikize. Mi nimejifunza mengi ya ushahidi asubuhi moja kwa hakimu, wakili yuauliza shahidi swali, mwenzake asimama "napinga, hayo aliambiwa tu", kuliko wiki nzima ya noti.

mwenyeMji

Ushahidi!! Yuniti hiyo yanipa homa. Hebu dada fungua hapo.

bintiKisauni

Ushahidi ndo yuniti niliyoipenda kuliko zote kwa hivyo mnisamehe ntakuwa mrefu.

Tulikuwa na kikundi chetu, si wakubwa, wale ambao mtu akisema saa kumi ni saa kumi. Tulikuwa twakutana maktaba, kukifungwa twaenda kwa mmoja wetu Mji wa Kale twakaa barazani, na kazi yetu haikuwa kusomeana noti. Kila mtu aja na hadithi aliyoitunga mwenyewe, wengine waishambulie. Twasoma kwa Kiingereza, twabishana kwa Kiswahili mpaka tuelewane, halafu kila mtu aandika jibu kwa Kiingereza na saa mezani. Hiyo ya kubishana kwa lugha ya nyumbani msiidharau hata kidogo, manake kwa Kiingereza mtu aweza kujificha nyuma ya maneno makubwa, kwa Kiswahili ukisema upuuzi kila mtu asikia.

Sasa hadithi moja ilikuwa hivi. Kijana wa Majengo achomwa kisu usiku, ajikokota mpaka mlango wa jirani, asema "ni fulani huyo", apelekwa hospitali, siku ya tatu afariki. Jirani aruhusiwa kuyasema yale maneno mahakamani?

Wa kwanza akaruka, hapana, ni maneno ya kuambiwa, kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi chataka ushahidi wa mdomo utoke kwa aliyeona au kusikia tukio mwenyewe. Sawa. Wa pili akasema ndio yaruhusiwa, ni kauli ya marehemu kuhusu sababu ya kifo chake, kifungu cha 33. Sawa zaidi. Wa tatu akasema lakini yule kijana hakujua kwamba atakufa, alidhani atapona, kwa hivyo kauli haifai. Na hapo ndo nataka mtulie, kwa sababu hapo watu wengi mno hupoteza maksi. Hiyo ni sheria ya Uingereza. Kule ilitakiwa marehemu awe ameshakata tamaa ya kuishi wakati asemapo. Vitabu tunavyovifotokopi vingi ni vya Uingereza, basi mtu aibeba kama ilivyo. Kifungu chetu cha 33 chasema wazi, iwe alitarajia kufa au hakutarajia, kauli yaingia. Haya, imeingia, yatosha kumfunga mtu? Hapo waleta Pius Jasunga ya 1954, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kauli kama hizo zichukuliwe kwa uangalifu mkubwa, manake aliyesema hayuko aulizwe maswali, na ni vizuri pawe na ushahidi mwengine wa kuziunga mkono.

Halafu kijana alimtambuaje huyo fulani usiku? Waleta Abdalla bin Wendo ya 1953, kuhusu shahidi mmoja aliyemtambua mtu kwenye hali ngumu. Taa ilikuwepo? Ilikuwa umbali gani? Alikuwa yuamjua kabla? Alimtazama kwa muda gani? Haya ndo maswali ya kuandika kwenye karatasi, na majibu wayatoa kwenye hadithi yenyewe ya swali, mstari kwa mstari. Mtungaji hakuandika "taa ya duka ilikuwa yawaka" kwa kupendeza, ameiweka pale uichukue.

Na siku hizi hawakosi kutia ujumbe wa WhatsApp. Ukiona skrinshoti kwenye swali, kifungu cha 106B, cheti cha kuthibitisha rekodi za kielektroniki. Usiende nyumbani bila kukitaja.

mwenyeMji

Hii ya kifungu cha 33 nilikuwa naiandika ile ya Uingereza miaka yote. Shukran sana, hata CAT yangu najua sasa ilikwenda wapi.

nuruBamburi

Dada na usingizi? Mi wiki ya mitihani silali, kahawa juu ya kahawa, nikiingia chumba cha mtihani mikono yatetemeka.

bintiKisauni

Lala mwaya. Kukesha usiku wa kuamkia pepa ya sheria ni kujidhulumu, kwa sababu pepa hizi zataka ufikiri, hazitaki umwage ulichobeba. Mi baada ya Isha nalala, naamka saa tisa usiku, nyumba kimya, watoto wa dadangu wamelala, redio ya jirani imezimwa, na hata lile joto limepungua kidogo. Masaa yale mawili mpaka alfajiri yalikuwa na faida kuliko mchana mzima. Stima zikipotea, taa ya simu. Mamangu alikuwa aamka ananiwekea chai na mahamri bila kusema neno kisha arudi kulala, Mungu amlipe kheri.

Tena mchana kula. Mbaazi, samaki, chochote, usiingie na kahawa tupu tumboni.

mtuwaLikoni

Na sheria ya ardhi? Huku kwetu ardhi ni kilio, nataka kujua kama chuoni hufundishwa ya kwetu au ya Nairobi tu.

bintiKisauni

Kaka umegusa penyewe. Kwenye ardhi sisi watu wa Pwani tuna utajiri wa mifano na twauacha nje ya chumba cha mtihani.

Siku moja nasoma ile kanuni ya Kilatini, quicquid plantatur solo, solo cedit, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Nikamweleza nyanya yangu kwa Kiswahili. Nyanya akaniangalia, akasema, "Sasa mjukuu wangu, nyumba hii tuliyoijenga mimi na marehemu babu yako ni ya nani?" Swali la haki kabisa! Maana sisi nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Mwajua nyote, Kisauni, Majengo, Likoni, mtu ana nyumba yake aweza kuiuza, aweza kuipangisha, wanawe wairithi, lakini kila mwezi yualipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Nyumba bila ardhi. Kitabu chasema haiwezekani, na Mombasa watu wameishi hivyo vizazi na vizazi. Hapo ndo sheria ilipoacha kuwa noti kwangu.

Haya, nyanya akaendelea, "mbona wasema mtu akikaa miaka 12 ardhi yawa yake?" Ndio, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, kifungu cha 7 na cha 38, advasi poseshoni. Lakini lazima uwe umekaa wazi wazi, mfululizo, na bila ruhusa ya mwenyewe. Anayelipa kodi ya ardhi amekaa kwa ruhusa. Akae miaka 12 akae 50, ile hesabu haijaanza. Nyanya hakufurahi na mi sikufurahi, lakini swali la maksi 20 likija hapo sipotei, kwa sababu nalijua kwa uchungu wake. Na tena wapo wengi huku Pwani ambao hawalipi mtu kodi wala hawajapewa ruhusa na mtu, wao hali yao ni nyengine kabisa, usiwachanganye na wenye nyumba bila ardhi. Swali laweza kuweka mmoja wa aina hii na mmoja wa ile kwenye kiwanja kimoja kukujaribu.

Kesi za kuja nazo ni hizi. Mtana Lewa dhidi ya Kahindi Ngala Mwagandi, 2015, Mahakama ya Rufaa ilikaa Malindi. Hoja ilikuwa kwamba advasi poseshoni yampokonya mtu mali yake na Kifungu cha 40 cha Katiba chalinda mali, kwa hivyo iondoke. Majaji wakakataa, wakasema haigongani na Katiba. Majina ya watu wetu, ardhi ya watu wetu, someni. Halafu Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu, 2023, kiwanja cha ufuoni kule Nyali. Kampuni ina hati mkononi, kaunti yasema hapo ni mahali pa umma pa watu kufika baharini. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi, lazima tuangalie ardhi ilitokaje serikalini tangu mwanzo, na kama mwanzo wake haukufuata sheria basi Kifungu cha 40 hakikulindi. Kesi hii yaingia kwenye swali lolote la hati na yaonyesha msahihishaji kwamba wasoma mambo ya sasa.

Na ukitaka kuanza insha yako vizuri, anza na ukanda wa maili kumi, ule mwambao wa Pwani uliokuwa wa Sultani. Mkataba wa 1895 kati ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza, kisha 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ya Pwani aje adai, na isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Watu ambao walikuwa wakilima hawajui hata kama kuna ofisi ya kwenda. Ukiandika hivyo halafu ndo uingie kwenye Sheria ya Ardhi ya 2012, jibu lako lina mizizi. Mi niliandika hivyo na nyumba bila ardhi nikaitia ndani, na nilitoka mle nimeridhika.

mzeeTudor

Hongera mwanangu, umenikumbusha mbali, babangu alikuwa akizungumza habari za maili kumi mpaka usiku. Nauliza, mwafundishwa mambo ya Kadhi hapo chuoni au mpaka mtu awe amesoma madrasa?

bintiKisauni

Shikamoo mzee wangu. Twafundishwa, kwenye familia na mirathi na kwenye katiba pia. Kifungu cha 170, Kadhi ahukumu mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pande zote zikiwa ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Hicho cha kukubali ndo husahauliwa na wanafunzi wengi, mzee, waona Mwislamu tu waandika "kwa Kadhi" wafunga. Na Kifungu cha 24 chagusa uhusiano wa hukumu za Kadhi na haki ya usawa, ukikileta hapo jibu laiva. Madrasa yasaidia, nikiona mafungu ya mirathi sishtuki.

nuruBamburi

Jurisprudensi je, ile falsafa ya sheria? Kwetu ndo inayoangusha watu.

bintiKisauni

Sina mengi, sikuipenda. Ila usiiache kwa wazungu peke yao. Kelsen, yule mwanafalsafa wa sheria, na ile kanuni yake ya msingi nilimwelewa niliposoma kesi ya Uganda, ex parte Matovu, 1966, Obote amepindua katiba na mahakama yajiuliza je hii katiba mpya ni sheria kweli? Ikamtumia Kelsen. Mara nikamwelewa.

ukweliUsemwe

Swali gumu. Mwakenya, zile karatasi za kuibia mtihani. Wapo waliobeba na watapita, na wewe umeamka saa tisa usiku. Haikuumi?

bintiKisauni

Yaniuma ndio. Mtu huyu kesho atashika pesa za mjane zinazotoka kwenye fidia, atashika hati za nyumba za watu, na kitu cha kwanza alichojifunza ni kuficha karatasi kwenye soksi. Nikimuona mtu wa mwaka wa kwanza aanza tabia hiyo nitamwambia kwa mapenzi aache au abadilishe kozi. Sina la kupunguza hapo.

Kilichoniuma zaidi ni maksi kupotea. Semista moja CAT yangu nilifanya, nikasaini, na kwenye mfumo ikaonyesha sikufanya. Ofisi hii yanituma ile, ile yanirudisha hii, kila mtu "njoo wiki ijayo", na mtihani wakaribia. Kilichoniokoa ni picha, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kupiga picha kila nipeanacho pamoja na orodha ya saini. Pigeni picha, CAT, asainmenti, risiti ya karo, kadi ya mtihani, kila kitu, tieni kwenye imeili yenu wenyewe. Na ukilalamika lalamika kwa maandishi yenye tarehe. Wanafunzi wenye haki yao wamechelewa kuhitimu kwa jambo hili na ni dhuluma, nalisema kama lilivyo.

mtuwaLikoni

Sasa dada ndo wewe wakili?

bintiKisauni

Bado sana kaka! Hata babangu yuauliza hivyo hivyo kila siku. Baada ya digrii kuna Kenya School of Law kule Karen, Nairobi, yuniti tisa, kesi za madai, jinai, mirathi, uhamishaji wa ardhi, uandishi, maadili na nyengine, halafu mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Maandishi 60, mdomo 20, kazi ya mradi 20, wapita kwa 50. Kisha miezi sita chini ya wakili, ndo uombe kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Na karo yake ni kilima kingine, hapo twajipanga na familia.

Mlio fomu foo mnaosoma hapa, angalieni Kiswahili na Kiingereza chenu sasa, masharti ya kuingia kule yataja B ya moja ya hayo mawili, nimeona watu wamemaliza digrii ndo walishtukia.

mtuwaLikoni na mwenyeMji, yale maswali tuliyotunga ya ushahidi na ya ardhi ninayo kwenye daftari, ntayapiga chapa wikendi hii niyaweke hapa hapa bila majibu. Andikeni majibu yenu chini, na saa mezani, ntasoma kila moja.